Kwenda Natron na mbwa ukitokea Arusha, namna ya kumfikisha na kumrudisha mzima

Mama mdogo wangu wa Ngaramtoni aliposikia naenda Ziwa Natron na mbwa aliniuliza kama nimeishiwa watu wa kusafiri nao. Sikumlaumu, huku kwetu kazi ya mbwa ni geti, ukimuona kapanda gari ujue anapelekwa chanjo au anahamishwa nyumba. Ila Bosi (chotara huyu, nusu German Shepherd nusu wa mtaani hapahapa Sakina, kilo 28) ashaenda Natron mara tatu, na mara ya kwanza nusura nimzike kule, tena sio simba wala nyoka, ni jua tu la saa tano asubuhi. Kwa hiyo haya ninayoandika mengine nimeyajua kwa kuuliza madokta wa mifugo na mengine nimeyajua kwa kuchanganyikiwa porini nikiwa na dumu mkononi.

Kabla ya yote shika hili: mbwa hajui kusema nimechoka. Atakufuata tu mpaka aanguke. Sisi tunatoka jasho mwili mzima, yeye jasho lake lipo kwenye nyayo, kidogo sana, kazi yote ya kupoza mwili anaifanya kwa kuhema ulimi ukiwa nje, sasa hewa yenyewe ikiwa ya moto kama ya kule, kuhema kunafika mahali hakutoshi. Arusha tupo kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, Natron ni kama 600 hivi, joto la mchana kupita nyuzi 40 sio habari mpya kule. Mbwa aliyezoea baridi ya Sakina unamshusha huko ndani ya masaa machache. Ratiba yote lazima ifuate mwili wake yeye, wewe utajipanga humo humo.

1. Kwanza angalia kama mbwa wako ni wa kwenda

Wengine sio wa kwenda, basi. Wale wa pua fupi (bulldog, pug, boxer na ndugu zao) usithubutu, wanahema kwa shida hata hapa Njiro mwezi wa saba. Mbwa mzee, mnene, mwenye mimba, mgonjwa wa moyo, au mtoto ambaye hajamaliza chanjo, wote waache nyumbani na mtu wa kuwalisha. Wa manyoya mengi anaweza kwenda miezi ya baridi lakini usimnyoe kipara ukidhani unamsaidia, manyoya yanamkinga na jua, kinachotakiwa ni kumchana yale yaliyokufa yatoke.

Halafu tabia. Mbwa anayefukuza mbuzi hafai kwenda umasaini, na hapo sitanii. Huwezi kujua kama anafukuza mpaka akutane nao, kwa hiyo wiki kadhaa kabla nenda naye pembezoni huko Kisongo au popote wanapochungia, ukiwa umemfunga kamba, angalia anafanyaje. Bosi alikuwa anatetemeka kwa hamu. Ilinichukua mwezi mzima wa kumzoesha, na mpaka leo kamba haitoki.

Msimu mzuri ni Juni mpaka Agosti. Masika, Machi mpaka Mei, tatizo sio joto tu, ni makorongo, yale unayoyavuka yakiwa makavu asubuhi jioni yanashusha maji ya mlimani na unakwama upande usio na mtu. Oktoba mpaka Februari joto linatisha, mimi simpeleki.

2. Chanjo na dawa, mwezi mmoja kabla

Watu wanaenda kwa dokta jana yake ya safari. Chanjo ya kichaa cha mbwa inahitaji kama wiki tatu hadi nne ndio kinga ikae sawa, kwa hiyo choma mapema, na kama ni ya mwaka jana angalia tarehe kwenye kadi, wengi wanachanja kila mwaka. Kadi yenyewe beba, ipige na picha kwenye simu. Mbwa wako akimng'ata mtu kule au aking'atwa na mbwa wa boma, kitu cha kwanza utakachoulizwa ni hiyo kadi. Na mtu aking'atwa, na mbwa yeyote yule, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima kisha hospitali siku hiyohiyo, msianze kujadiliana kama mbwa alionekana mzima.

Usichanje kichaa peke yake, omba na ile ya mchanganyiko yenye kinga ya distemper na parvo, magonjwa ya virusi yanayoua mbwa. Sababu moja ni mbwa wako, sababu ya pili wengi hawaijui: mwaka 1994 distemper iliingia Serengeti na kuua karibu theluthi moja ya simba, kama 1,000 hivi, na virusi wale walihusishwa na mbwa wa kufugwa wa vijiji vya jirani. Mbwa asiye na chanjo kumpeleka pembeni ya wanyama pori ni kama kwenda kutembelea wodi ya watoto ukiwa na surua.

Kupe. Kule ng'ombe na mbuzi wapo kila mahali kwa hiyo kupe nao wapo. Mpe dawa ya kupe ya mbwa, ya kidonge au ya kudondoshea mgongoni, siku chache kabla ya kuondoka. Tafadhali usichukue dawa ya kuogeshea ng'ombe ukampaka kwa kukisia, nimeona mbwa wa jirani akilegea siku mbili kwa ajili hiyo. Hata ile sindano ya ng'ombe ya minyoo, ivermectin, kipimo cha ng'ombe sio cha mbwa na kuna aina za mbwa inawaua kabisa. Muulize dokta, elfu kadhaa haziwezi kukufilisi.

Dawa ya minyoo kabla na baada. Kuna minyoo mmoja mdogo wa tegu ambao mbwa anaupata kwa kula maini na mapafu mabichi ya mbuzi, halafu mayai yake yakimwingia binadamu yanaota uvimbe wa maji kwenye ini. Kwenye jamii za wafugaji ugonjwa huu upo. Wakichinja mbuzi kambini na mtu mkarimu akamtupia Bosi mapafu, shukuru, chukua, yachemshe sana au yafukie mbali.

3. Njia, na wapi mbwa haruhusiwi

Hifadhi za taifa hakuna mbwa, Ngorongoro hakuna mbwa, usijaribu kumficha nyuma ya siti. Kwa hiyo njia yoyote inayopita geti la hifadhi ifute. Inabaki hii: Arusha, Kisongo, Meserani, Makuyuni, Mto wa Mbu, unakata kulia kabla hujafika geti la Manyara, Selela, Engaruka, halafu Engare Sero, kijiji kilicho karibu na ziwa. Nyingine ni ya Longido, unapita Kitumbeine na Gelai, ni nzuri kwa macho ila upweke wake ni mkubwa, ukiharibikiwa unaweza kukaa sana kabla hujasikia pikipiki. Mara ya kwanza pita Mto wa Mbu.

Ujue pia eneo la Natron lenyewe ni ardhi ya vijiji na ni pori tengefu, sio hifadhi ya taifa, ila kuna mageti ya ushuru njiani na kuna watu wenye mamlaka. Piga simu kabla, kwa kambi na kwa ofisi ya kijiji kupitia gaidi (muongoza wageni) wa kule, sema wazi una mbwa, ana chanjo, atakuwa kwenye kamba muda wote. Mimi kuna kambi ilinikubalia kwenye simu "karibu kaka hamna shida" nikafika saa kumi jioni getini wananiambia mbwa hapana, bosi wa kambi amekataa. Sasa uko huko, jua linazama, unaanza kutafuta pa kulala. Siku hizi naomba meseji iliyoandikwa, sio maneno. Na beba keshi, ushuru wa mageti na gaidi sio mambo ya kutegemea mtandao.

Na usipitilize kaskazini. Ncha ya ziwa inagusa Kenya, kuvuka na mbwa bila makaratasi ya afya na vibali ni kesi mpya kabisa.

4. Maji, halafu ndio vitu vingine

Hesabu yangu iko hivi. Mbwa kwa kawaida anakunywa kama mililita 60 kwa kila kilo kwa siku. Bosi kilo 28, hiyo ni lita moja na nusu na ushee. Kule zidisha mara mbili hadi tatu, sema lita 5 kwa siku. Siku tatu, lita 15. Hapo hujaweka maji ya dharura ya kummwagia joto likimpanda, mimi naweka dumu zima la lita 20 la hiyo kazi tu, lina alama ya rangi nyekundu na hakuna mtu anayeligusa kunawia mikono wala kuoshea sufuria, hata wageni wangu wanalijua, linaitwa dumu la Bosi. Maji ya watu yanahesabiwa peke yake, lita 5 kwa kichwa. Ukijumlisha unaona gari linajaa maji, ni sawa, punguza mabegi.

Madumu nunua mapya au yaliyokuwa ya mafuta ya kula yakaoshwa vizuri, sio lile lililobeba petroli "limeshaoshwa". Yafunge yasigongane, barabara ile inatoboa. Na usiyaweke yote juu ya keria, maji ya juu ya keria yanageuka chai.

Vingine ninavyobeba: beseni pana la plastiki (la kunywea na la kusimamia miguu), kamba mbili moja ikikatika, mkanda wa kifuani badala ya wa shingo kwa sababu anapohema sana hutaki kitu kinamkaba koo, kitambaa au neti kubwa ya kivuli, kipimajoto cha kawaida cha dijitali (kinaingia sehemu ya haja, chake yeye usichanganye na cha watoto), koleo dogo la kung'olea miiba, gozi, bandeji, chumvi ya kuoshea kidonda, soksi nne nzito za mtoto za kumvalisha miguuni akiumia. Chakula ni kile anachokula nyumbani, usianze kumjaribisha kipya safarini ataharisha na kuharisha ni kupoteza maji. Ugali wa dagaa wa Bosi nakausha kidogo, unakaa siku mbili bila deli. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana, inachanika vipande vikali.

Kwenye boksi la dawa zako wewe mwenyewe chunga: panadol na zile za maumivu tunazomeza sisi kama ibuprofen na diclofenac ni sumu kwa mbwa. Akichechemea usimpe "nusu tu".

5. Barabarani

Ondoka saa kumi alfajiri. Kumi na moja ni kuchelewa. Lengo ni kwamba jua likichomoza uko Mto wa Mbu, unajaza mafuta fulu tanki, unaangalia upepo wa tairi, unampeleka mbwa kukojoa mbali na soko, halafu unashika vumbi kukiwa bado na ubaridi. Kutoka Mto wa Mbu mpaka Engare Sero ni kilomita 100 na ushee na usidanganyike na hiyo namba. Spea tairi mbili kama unazo. Mafuta ya madumu yapo vijijini lakini usiyapangie safari.

Asilishwe masaa matatu kabla, atatapika kwenye kona za Monduli. Kila saa moja na nusu simama, maji kidogo kidogo, sio beseni zima kwa mkupuo. Akae sehemu ambayo jua la dirishani halimpigi, upande wa jua unabadilika kwa hiyo na yeye ahame. Vumbi la kule ni la majivu ya volkano, jepesi, linaingia kila tundu, vioo vikifungwa na kiyoyozi kikiwa kwenye kuzungusha hewa ya ndani ni nafuu kwake. Kama gari halina kiyoyozi basi asubuhi tu, saa nne uwe umefika au umesimama kivulini mpaka saa kumi.

Usimwache ndani ya gari. Hata dakika tano, hata vioo vikiwa nusu. Ndani ya dakika 10 gari lililosimama juani linaweza kupanda nyuzi kama 10 juu ya joto la nje, piga hesabu mwenyewe nje ikiwa 35. Pale Engaruka watu wanataka kushuka kuona magofu ya kale na ile mifereji ya mawe, nendeni kwa zamu, mmoja abaki na mbwa chini ya mti.

6. Ukifika maboma

Hii ndio sehemu ambayo watu wa mjini tunaharibu. Boma lina mbwa wake, na wale sio mapambo, ndio wanaobweka fisi akija usiku. Ukimshusha mbwa wako mgeni katikati yao unatangaza vita. Simamisha gari mbali, mbwa abaki ndani na mtu, wewe nenda kwa miguu ukasalimie. "Supai", anakujibu "ipa", kwa mama ni "takwenya" na yeye "iko". Mzee ndio wa kwanza, halafu unasema shida yako: mzee wangu nina mbwa, naomba kujua tupite wapi na mbuzi wako wapi. Sijawahi kukataliwa. Mzee mmoja alimwangalia Bosi muda mrefu sana akaniuliza anakula nini, nikamwambia, akacheka mpaka akakaa chini. Ugali na dagaa kila siku, na hachungi kitu!

Watoto watakuja mbio kumshika. Wengi wao mbwa wanayemjua anang'ata, na mbwa wako amechoka na safari. Mweke kati ya miguu yako, useme hapana kwa upole. Na kwenye mto unaotoka korongoni, kale kamto ka maji baridi ka Engare Sero, watu wanachota maji chini yake, kwa hiyo usimwogeshe mbwa juu yao. Chota kwa ndoo, mwogeshee pembeni.

Zile nyayo za watu wa kale karibu na Engare Sero, zipo zaidi ya 400 kwenye majivu yaliyogeuka jiwe, za kati ya miaka kama 5,000 na 19,000 iliyopita, mbwa asikanyage hata pembeni. Mimi Bosi namwacha kabisa kambini siku hiyo.

7. Ziwani, na siku Bosi alipoanguka

Ziwa halinywewi. Maji yale ni magadi, pH yake inapita 10, yanaunguza mdomo na tumbo, na mbwa akishakuwa na kiu haulizi. Kamba fupi ukikaribia, na kabla ya kutoka kambini anywe ashibe ili asivutike. Ule ukoko mweupe nao unamla nyayo, na ukipasuka anazama kwenye tope la magadi. Ukirudi muoshe miguu mpaka katikati ya vidole kwa maji safi kabla hajaanza kujilamba. Flamingo waangalieni kwa mbali, Natron ndio mahali pakuu pa kuzaliana flamingo wadogo wa Afrika Mashariki, mbwa mmoja anayebweka anaweza kuwarusha maelfu.

Ardhi ipime kwa mgongo wa mkono wako: uweke kwenye mchanga, hesabu mpaka saba. Ukishindwa, yeye pia hawezi. Kule mchanga mweusi wa volkano unafeli hicho kipimo saa tatu na nusu asubuhi. Kwa hiyo kutembea ni saa kumi na mbili mpaka saa mbili na nusu asubuhi, basi, halafu tena baada ya saa kumi na moja jioni. Katikati ni kulala kivulini na nyinyi mlale.

Mara ya kwanza mimi sikujua. Tulitoka kambini saa tatu, gaidi wetu akasema ni karibu, na kweli kwa yeye ni karibu, tukafika ukingoni saa nne, tukapiga mapicha, tukaanza kurudi saa tano. Bosi alikuwa mbele kama kawaida halafu nikaona yuko nyuma. Ulimi umekuwa mpana kama koleo, mwekundu wa kuiva, mate yanavuta kama gundi. Nikampa maji akanywa kidogo akatapika. Akapiga hatua za mlevi, akakaa, akalala. Nikatoa kitenge cha mke wangu nikakilowesha nikamfunika mwili mzima, na hapo ndipo nilipokosea, dokta alikuja kuniambia baadaye kitenge kilicholowa ukimfunika nacho kinashika joto kinageuka blanketi.

Inavyotakiwa ni hivi. Kivuli kwanza, hata cha mwili wako. Mmwagie maji ya kawaida, mengi, tumboni, kwapani, mapajani kwa ndani, shingoni, mpaka yaguse ngozi, halafu mpepee, kwa kofia, kwa katoni, kwa mkeka, upepo juu ya maji ndio unaotoa joto. Endelea kumwagia na kupepea bila kumfunika. Usimlazimishe kunywa akiwa amelegea, maji yataenda kwenye mapafu, ila akitaka mwenyewe mpe kidogo kidogo. Pima joto: mbwa mzima ni 38 hadi 39 na kidogo, ikifika 40.5 uko pabaya, 41 na kuendelea viungo vya ndani vinaanza kuharibika. Ikishuka hadi kama 39.5 acha kumwagia, la sivyo itaendelea kushuka mpaka apate baridi. Poza kwanza hapohapo ndio uendeshe, kumkimbiza kwa gari akiwa bado anaungua ni kumuulia njiani. Na hata akiinuka akatikisa mkia apelekwe kwa dokta siku hiyo au kesho yake, figo na damu vinaweza kuleta shida baada ya siku mbili tatu wakati wewe ushasahau.

Bosi aliinuka baada ya karibu nusu saa. Yule gaidi, kijana wa morani, alivua shuka lake akalishika juu kama paa muda wote ule na mikono haikushuka. Hatukuwa na dumu jekundu siku hiyo, tulimaliza maji ya kunywa ya watu wanne.

Dalili za mapema ili usifike huko: kutafuta kila kivuli kidogo cha kichaka na kugoma kutoka, kuhema kusikopungua baada ya dakika tano za kupumzika, ufizi kuwa mwekundu kama tofali. Bonyeza ufizi kwa kidole, uachie, rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Ikichelewa, safari ya siku hiyo imeisha.

8. Nyoka, miiba, mizoga

Kifutu hakimbii, analala njiani kama tawi na mbwa anamkanyaga, kwa hiyo kamba fupi kwenye nyasi na mawe. Aking'atwa usikate, usinyonye, usifunge kamba, mbebe asitembee, toa mkanda maana atavimba, na geuza gari. Swila wa kutema mate akimpata machoni, osha jicho kwa maji mengi mfululizo dakika 15, usipake maziwa wala dawa ya macho ya mtu. Asubuhi kung'uta matandiko yake, nge wanaweza kujificha humo.

Mizoga asiguse kabisa, hata mfupa mkavu. Kimeta kinatokea kwenye wanyama wa ukanda huu, na pia kuna watu wanatega nyama yenye sumu kwa ajili ya fisi waliowala mifugo. Kama mbwa wako ni wa kuokotaokota mvalishe kifunga mdomo cha waya kinachomruhusu kuhema na kunywa, sio cha kitambaa kinachobana, hicho kitamuua kwa joto.

Miiba ya migunga kagua nyayo kila mkisimama. Bosi hulamba sehemu moja bila kuacha, nikiona hivyo najua.

9. Usiku

Alale ndani ya tenti pamoja na wewe, au ndani ya gari ukiwemo, hewa ikipita. Asifungwe nje kwenye mti hata "kidogo tu tukila". Chui anapenda sana mbwa, na fisi hawako mbali. Mabaki ya chakula chake yaondoe kabla giza halijaingia. Akianza kunguruma saa nane usiku muamini, usifungue zipu kuangalia, washa taa ya gari kwa rimoti.

Kama kuna wa kupanda Ol Doinyo Lengai, ule mlima wa volkano, mbwa hapandi. Ni mita 2,900 na ushee, majivu yanayoteleza, mawe ya kuchana, na wanaanza usiku wa manane. Mmoja abaki naye, na huyo mmoja msimdhulumu, mpangieni zamu yake ya kufurahi.

10. Kurudi

Rudi alfajiri kama ulivyokuja. Ukifika nyumbani muoshe vizuri, magadi na majivu yanawasha, halafu kupe: masikio ndani, chini ya mkia, katikati ya vidole, chini ya kola. Ng'oa kwa koleo karibu na ngozi, vuta taratibu moja kwa moja, usichome na kiberiti. Siku kumi baadaye dawa ya minyoo tena.

Halafu mwangalie wiki tatu au nne. Akikosa hamu ya kula, ufizi ukipauka, mkojo ukiwa na rangi ya kokakola, homa, hiyo inaweza kuwa homa ya kupe. Macho yakipata ukungu wa bluubluu ni dalili mojawapo ya nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, na mbwa nagana inamuua haraka. Mwambie dokta alikuwa wapi na lini, maana daktari wa hapa mjini akiona mbwa wa geti la Sakina hawezi kufikiria mbung'o, atatibu kitu kingine wiki nzima. Mimi naandika tarehe ya safari nyuma ya kadi ya chanjo kwa kalamu ya wino. Ya Bosi ina tarehe tatu sasa, na mama mdogo juzi ameniuliza gari litakuwa na nafasi Julai.